Waziri alale wapi?

Nianze kwa kusema mimi sina ugomvi na waziri kupewa nyumba ya serikali. Najua hapa ndo wengi mtaniacha, maana vijiweni kwetu ukisema waziri anastahili nyumba unaonekana chawa, umetumwa, unasubiri uteuzi. Hapana bana. Mimi nimekulia kota, najua maana ya kuishi kwenye nyumba ambayo siyo yako, na naona kila mwaka tunapigana na kivuli. Tukisikia mamilioni ya nyumba za viongozi kwenye bajeti tunapiga kelele "kodi zetu hizo", mtu anarusha picha ya watoto wamekaa chini darasani, tunatukana kidogo, tunalala. Hakuna anayeuliza hivi kwani nyumba hatukuwa nazo? Mbona nchi ina umri huu wote afu bado tunajenga nyumba ya waziri kama vile jana ndo tumepata uhuru?

Nyumba tulikuwa nazo. Nyingi tu, na pengine viwanja vyake ndo vilikuwa bora kuliko vyote nchi hii. Tukaziuza.

Ila tuanze nyuma kidogo, maana bila kujua kota ilitoka wapi huwezi kuelewa kwanini watu wazima wenye akili zao waliona kuuza ni sawa.

Dar es Salaam ya mkoloni iligawanywa kwa rangi ya ngozi, hilo wazee wanalijua vizuri. Uzunguni ilikuwa Oysterbay, kwenye upepo wa bahari, kiwanja kimoja unaweza kuchezesha ndondo. Uhindini ni Kisutu na Upanga. Uswahilini ni Kariakoo, Ilala, baadaye Magomeni. Na mikoani ilikuwa hivyo hivyo, kila mji uliokuwa na boma ulikuwa na kilima chake chenye miti mikubwa na nyumba za vigae za mabwana wakubwa. Sasa yule Mzungu wa serikali hakuwa amekuja kukaa. Alikuwa na mkataba, anafanya miaka yake, anaenda likizo kwao kwa meli, akirudi anaweza kukuta amepangiwa Lindi au Mwanza, na mwisho wa siku anastaafu anarudi kwao Uingereza kulima maua. Kwahiyo mkubwa wake alimpa nyumba, kitanda, kabati, meza, na banda la uani la kulala mpishi. Hakutegemewa kununua kitu. Ile nyumba ilijengwa kwa ajili ya mpita njia, na mpita njia alijua kabisa kwamba anapita.

Ukaja uhuru 1961, Wazungu wakaondoka, wakaingia ndugu zetu kwenye nyumba zile zile kwa utaratibu ule ule. Hapo ndo shida ilipojificha. Mzungu alikuwa na kwao pa kurudi. Katibu mkuu wetu aliyetokea Njombe akakaa Oysterbay miaka ishirini, watoto wakazaliwa pale, wakasoma pale, wakaolea pale, siku ya kustaafu anaambiwa kabidhi funguo. Anaenda wapi? Kijijini kuna nyumba ya mzee ya udongo, na mshahara wake wote ulikuwa wa kula na ada.

Nyumbani kwetu ilikuwa hivyo hivyo, ngazi za chini tu. Baba alikuwa bwana shamba wa wilaya, na kota yetu ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, ukuta kaki, chini umezungushiwa rangi ya kahawia ili matope ya mvua yasionekane, na viti vya sebuleni vimeandikwa namba kwa rangi nyeupe kwa chini, ukigeuza kiti unakumbushwa kwamba hata ulipokalia ni pa serikali. Mama yangu alikuwa anapenda bustani kupita kiasi ila hakuwahi kupanda mti wa matunda. Mchicha, matembele, nyanya, bamia, vitu vya miezi. Jirani mmoja alimuuliza kwanini hapandi hata mwembe, akasema mwembe ataula mke wa bwana shamba ajaye. Na kweli barua ya uhamisho ikija, inakuja. Anakuja karani na karatasi ya makabidhiano, anahesabu viti, anahesabu funguo, anaangalia kama kioo cha dirisha kimepasuka, baba anasaini, lori linapakia, tunaondoka. Sikuwahi kusikia baba akisema "nyumba yangu". Alikuwa anasema "kota".

Sasa wakubwa wa enzi zile walikuwa na kamba nyingine shingoni. Azimio la Arusha, tarehe 5 Februari 1967, lilimkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Hilo la mwisho watu wanalisahau ila ndo lenye mzigo kwenye habari hii. Miaka minne baadaye, 1971, ikapita sheria ya kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 kazi zake zilikuja kuunganishwa na Shirika la Nyumba. Yaani serikali ilikuwa inamwambia kiongozi: wewe fanya kazi, mambo ya kuwa mwenye nyumba tuachie sisi. Mwalimu mwenyewe alijenga Msasani kwa mkopo na akawa analala huko, Ikulu anaenda kufanya kazi. Rais anarudi jioni kwenye nyumba anayodaiwa na benki, fikiria hiyo picha leo.

Kwahiyo kota ya mkubwa wakati ule ilikuwa ni sehemu ya makubaliano. Tumekuzuia kujitajirisha kwa majumba, basi tunakuhifadhi. Ukiangalia hivyo, nyumba ya waziri kwa gharama ya umma haikuwa anasa, ilikuwa ni bei tunayolipa ili yeye asiwe na biashara pembeni. Mi naona ilikuwa bei nzuri tu.

Februari 1991 chama tawala, CCM, kikakaa Zanzibar kikalegeza kamba. Kiongozi akaruhusiwa hisa, akaruhusiwa nyumba za kupangisha, akaruhusiwa mambo. Sawa, dunia ilikuwa imebadilika na watu walikuwa wamechoka unafiki. Ila angalia kilichotokea: upande mmoja wa makubaliano tuliufuta, upande wa pili tukauacha. Kiongozi sasa anaweza kuwa na apatimenti zake za kupangisha na hapo hapo anakaa nyumba ya serikali. Hatukuwahi kukaa chini kama nchi tukasema sasa kama mmeruhusiwa kujenga, mambo ya kota tunayaangaliaje upya. Yakabaki yalivyo mpaka miaka ya Mkapa, mashirika yanauzwa, benki inauzwa, na neno la siku ni serikali kujitoa kwenye biashara.

Mwaka 2002 ikaanzishwa TBA, Wakala wa Majengo, na mwaka huo huo ukaanza uuzaji wa nyumba za serikali kwa watumishi. Waziri wa Ujenzi alikuwa John Magufuli, rais ni Benjamin Mkapa. Zikauzwa zaidi ya nyumba 7,000 nchi nzima. Hoja ilikuwa kwamba nyumba zimechakaa, kuzitunza ni gharama, na mtumishi aliyeitumikia nchi maisha yake yote apate pa kuweka ubavu. Mnunuzi analipa kidogo kidogo kwa miaka, na kwenye masharti kukawekwa kwamba haruhusiwi kuiuza kabla ya miaka 25 kupita.

Hapa nitasema kitu ambacho wenzangu wa mrengo wa kelele hawapendi kusikia. Mjomba wangu ni mmoja wa walionunua. Karani wa mahakama kwenye mji wa mkoa ambao siyo Dar, nyumba ya vyumba viwili, bati lenye kutu, choo cha nje. Alikatwa kwenye mshahara miaka na miaka. Alipostaafu kiinua mgongo kilimchelewa kama kinavyowachelewesha wote, na kilichomwokoa ni kwamba alikuwa na pa kulala. Ukiniambia mjomba ni mwizi wa mali ya umma tutakosana. Na wapo maelfu kama yeye, manesi, makarani, mafundi wa Ujenzi, askari magereza waliostaafu, ambao ule uuzaji ulikuwa ndo kitu pekee ambacho serikali iliwahi kuwafanyia kikaonekana kwa macho.

Ila nyumba ya mjomba na nyumba ya Oysterbay ziliuzwa kwa waraka mmoja, na hapo ndo palipoharibika. Hizi ni bidhaa mbili tofauti kabisa. Ya mjomba ukiiuza serikali inapoteza kajumba. Ya Oysterbay ukiiuza unapoteza ekari karibu na bahari, dakika chache kutoka Ikulu, barabara ipo, bomba lipo, ulinzi upo, kiwanja ambacho hutakipata tena hata ukiwa na hela ya mafuta. Vigae vilivyochakaa havikuwa na thamani yoyote, thamani ilikuwa chini ya vigae. Bei ikapangwa kwa kuangalia vigae. Leo ukipita mitaa ile unaona ghorofa za apatimenti zimeota pale palipokuwa na nyumba moja, mwembe na banda la uani, na wapangaji wanalipa kwa dola.

Na aliyekaa ndani ya nyumba hizo za ufukweni alikuwa nani? Mkubwa. Na aliyeamua ziuzwe? Mkubwa. Yule mpita njia aliyeingia kwa makabidhiano ya karatasi akageuka siku moja akasema, sasa mimi siondoki. Hakukuwa na karani wa kuja kuhesabu viti.

Kuna kitu kingine cha mwaka ule ule kinanikera zaidi ya hizo apatimenti. 2002 ndo ulianza MMEM, ule mpango wa elimu ya msingi. Kama ulikuwa kijijini miaka ile utakumbuka vizuri, kila kaya inapangiwa matofali, kina mama wanasomba maji na mchanga, mwenyekiti wa kijiji anapita na daftari, asiyeshiriki anapigwa faini ya kuku. Tulikuwa tunajenga madarasa, na tunajenga nyumba za walimu. Yaani mwananchi anachoma tofali ili mwalimu apate kota, na serikali hiyo hiyo mwezi huo huo inaandikishana mikataba ya kuuza kota zilizokwisha kujengwa. Mpaka leo mwalimu akipangiwa Kakonko au vijiji vya ndani Tandahimba anafika na begi lake anakuta hakuna hata chumba cha kupanga, maana kijijini watu wanajenga nyumba za kukaa wenyewe. Huyo ndo mtumishi ambaye bila kota kazi haifanyiki kabisa. Soko la nyumba halipo, hata ukimpa posho ya nyumba atampa nani?

Waziri mjini atapata nyumba. Ndo maana watu wanauliza kwanini asipange kama sisi, apewe posho, atafute dalali, alipe kodi ya miezi sita. Swali zuri, na nimelifikiria sana, na bado jibu langu ni hapana.

Fikiria wewe ni waziri wa ardhi na mwenye nyumba wako ni mfanyabiashara mwenye kesi tatu za viwanja. Au waziri wa nishati amepanga kwa mtu anayeuza mafuta. Kodi sokoni ni milioni tano, yeye anakwambia mheshimiwa wewe lipa mbili tu, sisi ni ndugu. Nani atajua? Hiyo haitaandikwa popote, haina risiti, haitaonekana kwenye fomu ya tume ya maadili. Rushwa nyingi nchi hii hazipiti kwenye bahasha, zinapita kwenye ukarimu. Na waziri anakuwa na mafaili nyumbani, ana askari getini, anapokea simu za saa nane usiku, leo umpangishe Sinza kwenye nyumba yenye fremu tatu za bia kwa mbele? Nyumba ya serikali kwa waziri ni ulinzi wa sisi tusiuzwe, ikitumika inavyotakiwa.

Kingine ni kwamba waziri wa Tanzania hana uhakika wa kukaa. Baraza la Januari 2006 lilikuwa na watu takriban 60 ukijumlisha manaibu. Februari 2008 waziri mkuu Lowassa akajiuzulu kwa sakata la Richmond, ule mkataba wa umeme, baraza zima likavunjika, likaundwa jipya dogo. Mei 2012 likapanguliwa tena baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuwasha moto bungeni. Desemba 2013 wanne wakaondoka siku moja kwa ajili ya Operesheni Tokomeza, ile ya kusaka majangili. Awamu ya sita ndo usiseme, watu wanalala na simu mkononi kusubiri taarifa ya usiku kutoka Ikulu. Sasa mtu ambaye kazi yake inaweza kuisha kwa karatasi moja yenye nembo, saa tano za usiku, ndo hasa anayefaa nyumba ya mpita njia. Mfumo wa kota ulimfaa yeye kuliko mtumishi yeyote.

Nchi yetu lakini iliwauzia nyumba mawaziri wa jana, mawaziri wa kesho wakaja wakakuta hakuna kitu. Awamu ya nne ilipoingia yakaanza malalamiko ya viongozi kukaa hotelini na kupangishiwa majumba ya watu binafsi kwa hela ya serikali, kwa bei za Masaki unazozijua. Serikali ikasema itapitia mauzo yale, zilizouzwa kinyume na utaratibu zirudi. Mwaka 2008 suala likafika bungeni, likajadiliwa kwa ukali, wabunge wakasema maneno mazito. Afu? Afu maisha yakaendelea. Watu walishaweka mageti mapya. Nyumba ikiuzwa mara moja inalipiwa mara ya pili kwa kodi ya pango, na mara ya tatu kwa kujenga nyingine mbali zaidi kwa bei ya leo, na anayelipa mara zote tatu ni yule yule mama wa MMEM aliyesomba mchanga.

2015 kwenye kampeni wapinzani walimkalia Magufuli kooni kwa hili. Akashinda. Na hapa historia ikafanya utani wake, maana Julai 2016, yuko Dodoma, akatangaza serikali yote inahamia huko, lile azimio la chama la 1973 lililokuwa limegeuka hadithi ya kuchekesha. Waziri Mkuu Majaliwa akahamia Septemba mwaka huo huo, Mama Samia akiwa Makamu akafuata Desemba 2017, wizara zikajibanza kwenye majengo ya chuo kikuu, UDOM, mpaka Mji wa Serikali pale Mtumba ulipofunguliwa Aprili 2019. Mtu aliyekuwa waziri wa Ujenzi wakati nyumba zinauzwa ndo huyo huyo akaja kuhitaji nyumba za serikali nzima kwenye mji mwingine. Simsemi marehemu vibaya, ule uamuzi wa kuuza ulikuwa wa serikali nzima na wa kuhamia Dodoma mimi niliuunga mkono na bado nauunga. Nasema tu hesabu ilirudi.

Waliokuwa Dodoma miaka ile wanajua kilichotokea mtaani. Mwenye nyumba Area D au Kisasa aliyekuwa anapangisha kwa laki moja na nusu akaamka asubuhi akawa mheshimiwa. Wapangaji wa zamani, walimu na wafanyabiashara wadogo, wakapewa notisi wakasogea Nkuhungu, wakasogea Nzuguni, wakasogea tena. Maana serikali ikihamia mahali bila nyumba zake, inaingia sokoni kugombea chumba na raia, na haiwezi kushindwa. Kwa hiyo unaposema serikali isijenge nyumba za viongozi, jua kuna mpangaji mmoja Kisasa anahamishwa kwa sababu hiyo. TBA ikaanza kujenga, ikatenga Nzuguni mradi wa nyumba 3,500 za watumishi, nyumba za viongozi nazo zikainuka. Sawa. Ila Ijumaa jioni angalia barabara ya Morogoro na ndege ya Dar, utajua familia nyingi ziko wapi. Mtu ana nyumba ya kazi Dodoma na nyumba ya maisha Dar, na mimi swali langu ni la kijinga tu: wale wenye stahili ambao bado wanashikilia nyumba ya serikali Dar na wamepewa nyingine Dodoma, wanalala zote mbili kwa wakati mmoja?

Mtu atasema Bongo hatuwezi kusimamia hayo. Sio kweli kwamba haiwezekani, jirani zetu wana mfano mmoja mzuri, japo kwenye mengine tunawashinda. Kenya wana nyumba rasmi ya Naibu Rais kule Karen, Nairobi. Ruto alikaa pale miaka ya unaibu wake, akaja Gachagua. Oktoba 2024 Bunge na Seneti wakamwondoa Gachagua, purukushani kubwa, mahakama, kila kitu, ila mwisho wa yote yeye akatoka na nyumba ikabaki. Kindiki akaapishwa tarehe 1 Novemba akaingia. Siasa zao sizijadili hapa, tungeandika mpaka kesho. Naangalia geti tu. Geti lilijua lenyewe ni la ofisi.

Kwetu kuna mfano mmoja wa kinyume ambao huwa naufikiria nikipita Magomeni. Kaya 644 za Magomeni Kota, watu wa kawaida kabisa, waliondolewa kwenye kota zao kupisha mradi, nyumba zikabomolewa, eneo likawa pori la majani katikati ya jiji kwa miaka, wazee wanahangaika kupanga huku na kule, wengine walifariki kabla ya kurudi. Magufuli akafika pale 2016 akaagiza wajengewe, TBA ikajenga maghorofa, Rais Samia akayafungua Machi 2022. Yamependeza kwelikweli, sina neno. Ila linganisha mwendo. Mkubwa alipotaka kota yake iwe yake, waraka ulitoka, bei ikapangwa, mikataba ikasainiwa, ikaisha. Mzee wa Magomeni alisubiri miaka kumi kurudi mahali alipokuwa anaishi.

Sasa kama mimi ningeulizwa, na hakuna atakayeniuliza, ningetaka kitu kimoja tu na hata siyo cha gharama. Orodha. Nyumba namba fulani, mtaa fulani, ni ya waziri wa wizara fulani, anakaa nani, aliingia lini, luku analipa nani, matengenezo mwaka huu shilingi ngapi, na akitenguliwa ana siku ngapi za kuhama. Ibandikwe wazi. Kila baada ya muda tunasikia TBA inatangaza wadaiwa sugu, inatishia kuwatoa watu vitu nje, na ndani ya wadaiwa kuna wizara na taasisi za serikali yenyewe, yaani serikali haijailipa serikali. Hatuwezi kujua nyumba ya umma inaliwa wapi kama hatujui hata iko wapi. Watasema ni usalama wa viongozi. Jamani, nyumba ya waziri kila bodaboda anaijua, ina askari getini na bendera kwenye gari. Asiyeijua ni mlipa kodi peke yake, tena kwenye karatasi.

Na hili la orodha lina haraka kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ya lile sharti la miaka 25. Piga hesabu. Mikataba ya mwanzo ni ya 2002, kwahiyo 2027 zinaanza kufunguka, mwaka baada ya mwaka, mpaka zile za mwisho mwisho za awamu ya tatu. Maelfu ya nyumba, nyingi kwenye viwanja vya kati vya miji yetu, zinaingia sokoni kihalali. Ni nani mpaka sasa ana mkataba wake mkononi, nani alishamuuzia mtu kimya kimya kwa makaratasi ya pembeni, nani alibomoa akajenga ghorofa kabla ya muda, nani hakumaliza kulipa kabisa? Kama serikali ingekuwa inataka hata vichache virudi, kwa kununua kwa bei ya haki au kwa kudai pale masharti yalipovunjwa, muda wenyewe ndo huu, kabla muhuri haujapigwa.

Mjomba yeye alisaini 2003. Juzi nimempigia simu kumsalimia, namwambia shikamoo mjomba, kabla hajaitikia vizuri akaanza kulalamika kwamba madalali hawamwachi apumzike, kuna kijana amekuja mara ya tatu na mtu mwenye gari jeusi wanaulizia kiwanja, nyumba hawana hata habari nayo. Nikamuuliza umewajibu nini. Akasema amewaambia waje 2028, na wakija waje na bei ya 2028.